Chupa Niliyoipakata Hadi Mlango wa Ndege

Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, tulimpoteza baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya mlango wa jikoni, anasuka kamba ya kufungia mzinga wa nyuki, na kamba ikabaki mkononi mwake imesukwa nusu. Tulimzika Jumapili. Kaka yetu mkubwa alikuwapo, mimi nilikuwapo. Mdogo wetu wa kike hakufika. Yeye anakaa Kinshasa, na siku zile alikuwa na mimba ambayo daktari alimwambia ailalie tu, asisimame hata kupika. Kutoka Kinshasa hadi kwetu Kamina hakuna njia ya mtu wa hali hiyo. Alilia kwenye simu, simu ikaisha moto wa betri, na hivyo ndivyo alivyomzika baba yake.

Sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi, kisha miaka miwili ya ushonaji. Ninaandika haya kwa sababu mtoto aliyezaliwa Kinshasa hatamjua babu yake, na mimi ndiye niliyebeba kile kilichobaki.

Baba alikuwa karani wa mizigo kwenye kituo cha reli cha Kamina, tangu sijazaliwa hadi nikawa na watoto wangu mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupima mzigo, kuuandikia lebo, na kuukataa kama haufai kusafiri. Watu wengi wanamkumbuka kwa kukataa kuliko kwa kupima.

Siku moja mama yetu alifika mbele ya mizani yake na bidoni, yaani dumu, ya mafuta ya mawese. Alikuwa anakwenda Likasi kwenye arusi ya ndugu yake. Mfuniko wa bidoni ulikuwa umepasuka, na mama aliufunga kwa mfuko wa plastiki na uzi. Baba akautazama mfuniko, kisha akamtazama mama kama mtu asiyemfahamu.

"Mama, huu muzigo hautasafiri."

"Ni mie unaniita mama? Mie niliyekupikia asubui hii?"

"Mwenye muzigo, hautasafiri. Anayefuata."

Mama alipanda treni bila mafuta. Alisema atakaa Likasi siku tatu, akakaa majuma mawili, na aliporudi alimwandalia baba chakula kimya kimya mpaka kimya chenyewe kikamchosha. Habari ilienea katika mtaa wote wa watu wa reli. Hata leo, mtu akimnyima mwingine kitu, utasikia: "Usishangae, kuna mwenye alimukatalia hata bibi yake." Bibi, kwetu, ni mke. Sitadanganya, nilipokuwa mdogo niliona haya. Watoto wenzangu walinicheka kwenye bomba la maji. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba mafuta yale yangemwagikia magunia ya unga ya watu wengine, na watu hao hawakuwa na karani wa kuwatetea ila yeye.

Kitu kingine alichotufundisha ni hiki: kitu kinachonunulika kiende kwenye behewa la mizigo, kitu kisichonunulika kikae magotini mwa mwenyewe. Yeye aliyajua mabehewa. Aliona vikapu vikirushwa, magunia ya muhogo yakilala juu ya redio, sanduku la bibi arusi likishuka kituo kisicho chake. Kwa hiyo sisi watoto wake, tukisafiri, nguo zilikwenda nyuma na picha ya marehemu mama yake baba ilikaa magotini.

Alipostaafu alirudia kazi ya babu yake, akafuga nyuki. Alitundika mizinga ya magome ya miti upande wa mashamba, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Asali yake, sisi tunaiita buki, ilikuwa nyeusi kidogo na nzito, na ilikuwa na uchungu mdogo mwishoni ambao mtu akiuzoea haoni tena utamu wa sukari. Mwanzoni mwa mwezi ule aliokufa alirina mzinga mmoja tu. Alikuwa amechoka. Asali ilijaza chupa tatu za bia, zile kubwa. Baba hakuonja bia maisha yake yote, chupa alikuwa anaziomba kwa jirani. Alizifunga kwa vipande vya kigunzi cha mahindi, akaziba juu kwa nta ya nyuki wale wale, na kila moja akaifungia lebo ya karatasi ngumu kwa uzi, kama za kituoni. Ya kaka iliandikwa kwa jina la mtaa wake. Yangu vilevile. Ya tatu iliandikwa: "Kutoka Kamina. Kwenda Kinshasa. Mpokeaji: mdogo. Uzito: kilo moja. Isigeuzwe."

Hatukumuuliza kwa nini anaandika lebo kwa chupa zinazokaa kwenye kabati lake mwenyewe. Tulidhani ni mazoea.

Nyumbani kwetu kuna desturi. Chakula alichokiacha marehemu hakiuzwi wala hakitupwi. Watoto wanakigawana, na wanakionja siku moja. Kabla ya siku hiyo kilio hakijafungwa. Basi chupa ya kaka na yangu zikakaa zimefungwa, zikingojea ya tatu ifike. Wazee wa ukoo waliuliza mara mbili tunasubiri nini. Tulijibu tunasubiri mdogo. Hawakuuliza tena.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, salama. Shemeji akanitumia tiketi ya ndege kutoka Lubumbashi, nikamsaidie mkewe majuma machache. Nikajua ndiyo nafasi.

Kaka alinisindikiza kituoni. Yeye ni fundi wa njia ya reli, na aliwahi kupanda ndege.

"Ile chupa weka mu valize," akaniambia, yaani kwenye sanduku. "Ndege haiko treni."

"Baba alisema magotini."

"Baba hakupanda ndege hata siku moja."

"Na weye umepanda ngapi?"

"Moja."

"Basi tunakaribiana."

Akacheka, akaniachia. Nasema wazi kwamba alinionya, ili mtu asidhani kosa lilikuwa la wengine.

Siku mbili na zaidi za treni nilikaa na chupa ile imezungushiwa kitenge mapajani mwangu. Mama mmoja aliyekuwa na vikapu vya samaki wakavu wa Kinkondja alikaa mbele yangu. Siku ya pili uvumilivu ulimwishia.

"Mama, tangu jana unapakata nini vile? Mutoto halii, hanyonyi."

"Baba yangu," nikasema.

Akakitazama kitenge. "Pole sana," akasema. "Lakini alikuwa mufupi hivi?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukatika upesi.  Yule mama alivunja kipande cha samaki akanipa, nikala.

Lubumbashi nilifika uwanja wa ndege asubuhi na mapema, kwa sababu mtoto wa reli hajui kusafiri bila kuwahi. Nilitoa sanduku langu, likapimwa, likaenda na mkanda. Niliuangalia mshale wa mizani, nikaona limepimwa vizuri, nikaridhika. Kisha nikapaswa kupita mlango wa ukaguzi, ila niliogopa kuingia mapema nikasahaulika huko ndani peke yangu. Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango ule kama saa mbili, chupa magotini, nikingoja watu wengine waanze kuingia. Ukutani kulikuwa na picha ya chupa ya maji na dawa ya meno vimepigwa mstari mwekundu. Niliiona. Sikuwa na maji wala dawa ya meno mkononi, nikaona hainihusu.

Watu walipojipanga nami nikajipanga. Mfuko wangu ukaingia kwenye mashine, mkanda ukasimama, ukarudi nyuma, ukasimama tena. Afisa wa ukaguzi alikuwa mwanamke wa umri wa mdogo wangu, nywele amesuka nyuma, glavu mikononi. Akafungua kitenge.

"Mama, bia asubui yote hii?"

Watu nyuma yangu wakacheka.

"Haiko bia. Iko buki. Baba yangu hakunywa bia."

"Buki ya chupa nzima haiwezi kupita hapa."

Nikajua la kufanya. Nikaichukua chupa mkononi mwake kwa adabu, nikaipindua kichwa chini mbele ya macho yake, lebo ikining'inia. "Angalia," nikamwambia. "Haivuje. Nta ni ya nyuki wenyewe. Imetoka Kamina kwa treni na hata tone halikutoka."

"Mama, sikusema inavuja."

"Basi kosa lake ni nini?"

"Ni kubwa."

Sikumwelewa. Kwa akili yangu, sheria zote za chupa duniani zilikuwa sheria za kuvuja. Alinieleza polepole, wala hakunidharau, na mstari nyuma yangu ulikuwa unarefuka. Kwenye mfuko wa mkononi, kila kitu cha maji, cha kupaka au cha kumiminika kiwe ndani ya chombo kisichozidi mililita mia moja, na vyombo hivyo vikae kwenye mfuko mdogo unaoonyesha ndani. Asali imo. Na hata chupa kubwa iwe na asali kidogo tu chini, haipiti, kwa maana wanaangalia chombo.

"Na ningeiweka kwenye sanduku?"

"Mu valize ingeenda bila neno."

Hapo nikajua nimefanya nini. Kwa treni, kitu kisichonunulika kinakaa magotini. Kwa ndege, magotini ndipo pasiporuhusiwa. Nilikuwa nimetii neno la baba mahali ambapo neno lake halikuwahi kufika.

Nikamwuliza kama naweza kuirudisha ikafuate sanduku. Akamwita kijana wa kampuni ya ndege, naye akanionyesha karatasi. Mizigo imefungwa, uzito umejumlishwa, rubani ametia sahihi. Sikubishana naye hata kidogo. Nimelelewa na mtu wa karatasi ile. Karatasi ikishatiwa sahihi, haongezwi hata kuku.

Yule afisa akaishika lebo, akaisoma. Akasoma tena. Sauti yake ikashuka.

"Nani aliandika hii?"

"Baba. Ametuacha mwezi wa tano. Iko fungu la ndugu yangu, hakufika kwa kilio."

 Kisha akasema, akinitazama machoni: "Mama, hii buki iko dawa? Dawa ya mugonjwa naweza kuipitisha."

Alikuwa ananifungulia mlango. Nililiona hilo, na kila mtu karibu nasi aliliona. Nyuma yangu alikuwepo mzee mfanyabiashara, Mwislamu, kofia nyeupe, ambaye watu wake walitoka Maniema zamani, kama alivyoniambia baadaye. Akaniinamia sikioni.

"Sema iko dawa, mama. Si uongo. Buki njo dawa ya kwanza."

Na kweli haikuwa uongo mtupu. Baba aliwapa wajukuu buki ile kwa kikohozi, alipaka kwenye vidonda, alimpa mama alipokuwa hali chakula. Neno moja, "ndiyo," na chupa ingepita nzima, na kilo moja ingefika kilo moja. Mdogo wangu alikuwa anangoja. Wazee wa ukoo walikuwa wanangoja. Nilifungua mdomo.

Lakini nilimwona baba akiutazama mfuniko uliopasuka, na mama amesimama mbele yake, mke wake, na mafuta ya arusi ya ndugu yake. Yeye pia angeweza kusema neno moja. Mizani ilikuwa yake, na foleni nzima ingenyamaza.

"Hapana," nikasema. "Haiko dawa. Hakuna mugonjwa. Iko ya kula."

Yule mzee akavuta pumzi kama mtu aliyekanyagwa. "Ee, mama," akasema, "unajifungia mlango mwenyewe."

 Afisa alinitazama kidogo, kisha akanirudishia chupa kwa mikono miwili.

"Basi uko na nusu saa na kidogo," akasema. "Uko na kachupa kadogo kokote?"

Nilikuwa nacho kimoja. Kichupa cha gliserini, ninayopaka mikono kwa sababu sindano na kiangazi vinaipasua. Akakitazama chini: mililita mia moja. Kilikuwa kimebaki robo.

Nikatoka kwenye mstari, nikarudi ukumbini. Mama mfagiaji alikuwa amesikia yote, maana ukumbi ule ni mdogo. Akanipeleka kwenye bomba, nikamwaga gliserini, nikaosha kichupa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yeye akaleta chupa ya chai ya wafanyakazi, yenye maji ya moto. Mwezi wa saba ni wa baridi kwetu, na buki ilikuwa imeganda kama mafuta ya ng'ombe. Tukatia maji kwenye ndoo yake, tukaisimamisha chupa ndani, tukangoja. Ilikuwa kazi ya kungoja tu. Niliikata nta kwa kucha na kwa jino la kitana. Kigunzi kilipotoka, harufu ya ule mzinga ikajaa pale kwenye mabomba, na mama mfagiaji akasema taratibu, "Ee, Mungu."

Nilichana karatasi ya daftari, nikaikunja iwe mrija. Buki ikashuka nyembamba kama uzi. Sikukosea tundu. Ninatunga uzi kwenye tundu la sindano kila siku. Kichupa kilipojaa, nikakifunga, nikakigeuza kichwa chini, nikangoja. Hakikuvuja. Chupa ya bia ilikuwa bado imejaa karibu yote.

Mimi sikuilamba. Hata ile iliyonipaka kidole niliifuta kwa ile karatasi, kwa sababu haikuwa yangu na siku yake haikuwa imefika. Ila iliyobaki isingeweza kwenda popote, na desturi inasema haitupwi. Nikafikiri: wanaokula chakula cha marehemu ni watu wa kilio. Basi nitawapata watu wa kilio hapa hapa.

Nikaanza na mama mfagiaji, nikamjazia kikombe chake cha chai. Yule mzee wa Maniema alikuwa ametoka kwenye mstari ajue mwisho wa jambo. Akatoa mkate kwenye mfuko wake, akaukata vipande, nami nikamimina. Wakaja wapakuzi wawili, mwanafunzi mmoja, mama mwenye mapacha. Kila mmoja nilimwambia: "Iko ya baba yangu. Alikuwa karani wa mizigo Kamina." Mtu mmoja, mpakuzi mwenye mvi, akaacha kutafuna.

"Karani wa Kamina? Yule mwenye alimukatalia bibi yake?"

"Njo yeye."

"Nilikuwa kijana, alinirudishia jogoo," akasema. "Alisema kikapu ni chembamba, jogoo atakufa pumzi. Nilimutukana." Akatazama mkate mkononi. "Jogoo aliishi miaka mine."

Nilisimama katika ukumbi ule, viatu vyangu vimejaa vumbi la treni, na sikuwa mtu wa kuhurumiwa. Nilikuwa binti wa baba yangu, na watu nisiowajua walikuwa wanakula asali yake na kumtaja. Nimeshona magauni ya maarusi, nimelea watoto wanne, lakini sijawahi kusimama wima vile.

"Na weye hauonje?" mzee akaniuliza.

"Yangu iko Kamina. Haijafunguliwa."

Akatikisa kichwa. "Mungu amurehemu baba yako. Asingeweza kufanya biashara hata siku moja," akasema. Kwa namna alivyosema, nilijua ananisifia.

Mimi na mama mfagiaji tulikomba chupa kwa kijiti hadi ikawa safi. Nikampa aiweke. Kisha nikarudi kwenye mlango na kipande cha mkate nilichokitenga kwa yule afisa.

"Asante, mama, lakini nikiwa ku kazi sipokee kitu kwa msafiri."

"Hata mkate?"

"Hata maji."

Sikumlazimisha. Ningalikuwa na mamlaka, ningalimwandika kazi kituoni Kamina siku ile ile. Kile kipande alikila yule mpakuzi wa jogoo.

Lebo nilikuwa nimeifungua kwenye chupa na kuifunga kwenye shingo ya kichupa. Ilikuwa kubwa kuliko kichupa chenyewe. Afisa alipokuwa anakitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, niliona maneno: "Uzito: kilo moja." Nikamwomba aningoje. Nikamwomba na kalamu.

"Kuna nini tena, mama?"

"Lebo inasema uongo."

Alinipa kalamu. Nikapiga mstari juu ya "kilo moja," mstari mmoja tu, ili maandishi ya baba yasomeke bado, na pembeni nikaandika: "kichupa kimoja." Chini nikatia sahihi yangu, kama baba alivyokuwa akifanya mzigo ukipungua njiani. Yule mwanamke alisoma, akakiweka kichupa kwenye kisanduku cha mashine kwa mikono miwili, na mkanda ukakipitisha bila kusimama.

Ndani ya ndege nilikaa dirishani. Sikuona chochote, kulikuwa na mawingu. Nilikipakata kichupa ndani ya kitenge kile kile, ambacho sasa kilikuwa kikubwa mno.

Mdogo wangu alinipokea mlangoni kwake, mtoto kifuani, mwenyewe mwembamba kuliko nilivyomwona mara ya mwisho.  Tulilia kwanza, maana yeye hakuwa amelia na mtu wa kwao tangu siku ile. Mtoto alipolala nikampa kichupa. Akakigeuza, akakitazama.

"Yaya, hii njo kilo moja?" Yaya, kwetu, ni dada mkubwa.

"Soma lebo."

Akasoma. Alipita polepole juu ya maandishi ya baba, akafika kwenye mstari wangu na sahihi yangu. Nikamweleza yote, pamoja na onyo la kaka, pamoja na neno "dawa" ambalo sikulisema. Niliogopa atanilaumu. Kilo yake ilikuwa imeliwa na wapakuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Yule wa jogoo, alisema aliishi miaka ngapi?"

"Mine."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Tulimpigia kaka. Alikuwa amekaa mezani kwa baba, Kamina, chupa mbili mbele yake, wazee wawili wa ukoo pembeni. Tukasikia nta ikipasuka. Kaka akaonja yake, kisha akaonja kijiko kutoka yangu kwa niaba yangu, mimi nikiwa nimemruhusu mbele ya mashahidi. Akasema ina ule uchungu wa mwishoni. Mdogo wangu akamimina kijiko kimoja, akakiweka kinywani, akafumba macho. Sote tukangoja, Kamina na Kinshasa.

"Inanuka gliserini," akasema.

Kaka alicheka hadi simu ikakwaruza. Nilijitetea kwamba niliosha mara tatu. "Kidogo tu," akasema mdogo wangu. "Uchungu upo. Nimeuonja." Kisha wazee wakasema maneno ya kufunga kilio, na simu ikakatwa vizuri, kwa mkono, si kwa kuisha moto.

Alikula kichupa kile kwa siku tano, kijiko kwa kijiko. Siku ya tano kilipokuwa hakitoi tena, alipasha maji kidogo, akayatia ndani, akakitikisa, akanywa. Akatia tena maji mara ya pili, akanywa.